Bei ya kuazima haisitiri

Swali: "Asalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Barani hapa Malindi. Huu mwaka wa nne napika mabuyu. Nauzia maduka ya mtaani na yale ya karibu na shule, kipakiti shilingi 7, nao wanauza 10. Sasa jirani yangu naye ameanza kupika na anawapa kwa 6. Wenye maduka wananiambia nami nishuke, la sivyo watachukua yake. Dada yangu asema nipandishe kwa sababu sukari haishikiki. Mume wangu asema kuongeza bei ya vitu vya watoto ni dhuluma. Tena nina mikebe ya gramu 250 nauza 150 kwa wageni na watu wa Nairobi, na supamaketi moja imeniita. Kazi nafanya, mabuyu yanaisha, lakini pesa siioni. Nishuke ama nipande? Mama Mabuyu, Barani."

Waalaikumu salaam, dada yangu. Nilipokupigia simu juzi, swali langu la kwanza lilikuwa: hiyo shilingi 7 uliitoa wapi? Ulinijibu papo hapo, kama mtu anayeulizwa jua linachomozea wapi: "Si ndiyo bei niliyoikuta?" Kulikuwa na mama mwingine akiuza 7 kabla yako, naye akaacha, wewe ukashika pale pale. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Bei nayo ni nguo. Ile 7 ilikatwa kwa kimo cha mwili wa mtu mwingine, wakati mwingine, na sukari ya bei nyingine. Miaka minne umeivaa, na sasa unaniuliza uivue uvae ya jirani, nayo pia si yako.

Kwa hiyo tuanze na sufuria. Ulinisomea hesabu kwenye simu, nami nikaandika nyuma ya bahasha. Sufuria moja inaingia mabuyu kilo 5 kwa 120, hizo 600. Sukari kilo 3 kwa 160, hizo 480. Rangi, iliki, pilipili na vanila, 90. Makaa 100. Vifuko 250, shilingi 100. Jumla 1,370. Zinatoka kilo saba na nusu, unafunga vipakiti 250 vya gramu 30, ukiuza kwa 7 ni 1,750. Ukaniambia kwa furaha: "Kwa hivyo kila sufuria napata karibu mia nne." Ni 380, ndiyo, karibu mia nne.

Halafu nikauliza mabuyu yanafikaje dukani. Tuktuk, 100. Nani anafunga? Binti wa shangazi, unampa 150. Maji ya mtungi, 20. Na je, vyote 250 vinauzwa? Hapo ulicheka. Vipo vinavyopasuka, vipo wanavyovichomoa watoto wa nyumbani, na kipo kile cha "hebu nionje" cha kila mwenye duka. Tukakubaliana vipakiti 10 kwa sufuria. Basi unauza 240, si 250, na mkononi zinaingia 1,680. Gharama si 1,370 tena, ni 1,640. Zimebaki 40.

Shilingi 40, dada. Mandazi manne. Na humo hujajilipa wewe uliyeamka kabla ya adhana ya alfajiri, ukachambua, ukapika shira, ukakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Ndiyo maana pesa huioni. Hakuna aliyekuibia. Na hiyo ni kwa sukari ya 160. Mwaka 2023 sukari ilivuka shilingi 200 kwa kilo hapa nchini, sote tunakumbuka. Ikirudi huko, sufuria yako inaongeza 120 za sukari peke yake, na zile 40 zinageuka kuwa hasara ya 80.

Wapishi wengi wa biashara ndogo nimewaona wakiangukia hapa. Wanahesabu kinachoingia chunguni na kusahau kinachozunguka chungu. Mtu atakutajia bei ya iliki hadi senti, lakini muulize safari za tuktuk za mwezi mzima, atakukodolea macho.

Sasa jirani. Nilikuomba ununue kipakiti chake dukani kama mteja yeyote, pamoja na kimoja chako, ukavipime. Mzani huna, ukavipeleka kwa sonara. Nasikia yule bwana aliacha mkufu wa watu mezani akaweka mabuyu juu ya mzani wa dhahabu, na wateja wake wakafa kwa kicheko. Lakini mzani wa sonara haukosei: chako gramu 30, chake gramu 24.

Hebu tazama hizo namba mbili. Wewe unauza gramu 30 kwa shilingi 7, yeye gramu 24 kwa 6. Gawanya. Gramu mia moja za kwako ni shilingi 23 na kitu. Gramu mia za kwake ni shilingi 25. Jirani unayeambiwa ni rahisi, kwa kweli ni ghali kuliko wewe. Kipakiti chake, kwa gharama kama zako, kinakula shilingi 4.46 za vitu, moto na kifuko, kinamwachia 1.54. Chako kinakula 5.48, kinakuachia 1.52. Yeye anapata sawa na wewe, au zaidi kidogo, na jina la "bei nafuu" juu yake. Huenda hata hakufanya hesabu yoyote, mkono wake tu ni mwepesi. Lakini wewe ungeshuka hadi 6 na gramu zako 30, ungekuwa umeiga upande mmoja wa mambo yake na kuacha ule wa pili.

Ungeshuka, ingekuwaje? Vipakiti 240 kwa 6 ni 1,440, na gharama yako 1,640. Kila sufuria ungewalipa wenye maduka shilingi 200 ili wakubali kukuuzia. Weka kando tuktuk na binti, tuhesabu vya chunguni tu. Kwa 7 kinabaki 1.52 kila kipakiti, kwa 6 inabaki 0.52. Kuzipata zile 380 zako za mwanzo ungehitaji kuuza vipakiti 731 badala ya 250. Shilingi moja tu imeshuka, kazi imekuwa karibu mara tatu. Watu wengi hudhani ukishusha bei kwa sehemu ya saba, unahitaji wateja wa ziada sehemu ya saba. Sivyo. Shilingi unayoiondoa haitoki kwenye ile 7 nzima, inatoka kwenye ile moja na nusu iliyo yako. Hesabu hiyo hiyo ukiigeuza, kwa 8 kinabaki 2.52, na hata ukipoteza wateja 99 katika wale 250, faida yako ni ile ile na mkono umepumzika.

Kisha kuna jambo ambalo ndilo lililonifanya nikae kukuandikia kwa urefu. Mtoto analipa ngapi? Shilingi 10. Kwa mabuyu yako 10, kwa ya jirani 10. Ile shilingi jirani aliyoipunguza haikumfikia mtoto hata siku moja, iliishia kwenye droo ya mwenye duka. Yeye alikuwa anapata 3, sasa anapata 4, ndiyo maana mabuyu ya jirani yanakaa mbele ya kaunta na yako nyuma ya biskuti. Bei ya jumla iliyoshuka hivi haiongezi mtoto hata mmoja anayekula mabuyu Barani. Inabadilisha tu nani anasukumwa mbele. Kabla ya kupunguza bei, fuatilia shilingi inaishia mfukoni mwa nani.

Kwa hiyo na mwenye duka, kuna njia nyingine za kumfurahisha zisizokula ile 1.52. Wengi wanachochukia ni mpishi anayeleta leo, kesho hayupo. Mwambie siku zako na usikose. Mbadilishie vipakiti vilivyolowa bila ubishi. Mpe chupa ya kioo ya kuweka kaunta, mtoto ayaone mekundu yanavyong'aa. Na kama utampa kitu, mpe anayelipa taslimu. Ulinitajia maduka matatu yanayochukua "mpaka Ijumaa", na Ijumaa yenyewe haina jina la mwezi. Deni kama hilo ni punguzo la bei ulilompa mtu bila kujua.

Nirudi kwenye ile 10 ya mtoto, kwa sababu hapo ndipo biashara yako imefungwa kamba. Bei yako haikuamuliwa na wewe wala mwenye duka. Imeamuliwa na sarafu. Mtoto anatoka nyumbani na sarafu moja kiganjani, na sarafu zetu ni za 1, 5, 10 na 20. Hakuna ya 12. Ukimfanyia mabuyu kuwa 12 umemfukuza, maana hatarudi nyumbani kuomba mbili. Wenye kampuni kubwa wamekutana na kizingiti hiki hiki. Coca-Cola ilianza kuuzwa senti 5 kule Atlanta mwaka 1886, na bei hiyo haikutoweka kabisa hadi 1959, miaka zaidi ya sabini. Sababu moja kubwa ilikuwa mashine zao za kuuzia, zilizotengenezwa kupokea sarafu moja tu ya senti 5. Kampuni ilifika hadi kuiomba serikali ya Marekani itengeneze sarafu ya senti 7 na nusu. Ikakataliwa. Ikiwa wao walishindwa kuongezewa sarafu, wewe na mimi tusijisumbue.

Aliyefungwa na sarafu anabadilisha kipimo. Kipakiti cha gramu 25, bado kwa 7, bado 10 dukani. Kilo zako saba na nusu zinatoa vipakiti 300. Tuseme 10 vinapotea kama kawaida: 290 kwa 7 ni 2,030. Vifuko vinakuwa 120, na binti muongezee, mpe 180, maana mikono yake imefunga zaidi. Gharama nzima 1,690. Zinabaki 340 badala ya 40, na mtoto anapata gramu moja zaidi ya anayopewa na jirani. Lakini nakuonya. Watoto wana mzani viganjani. Ukipunguza gramu 5 leo, 2 mwezi ujao na 2 tena baada ya Idi, siku moja watafungua wakute kokwa sita na jina lako litaimbwa shule nzima. Punguza mara moja, kisha kaa hapo. Na ukiandika uzito kwenye stika, uwe uzito wenyewe.

Halafu tengeneza kipakiti cha sarafu ya 20. Gramu 50, umuuzie mwenye duka kwa 14, apate 6, sawa na ambazo angepata kwa vidogo viwili. Vya chunguni pamoja na kifuko kikubwa kidogo vinakuja kama 9.07, unabaki na 4.93, na umefunga mara moja badala ya mbili. Hiki si cha mtoto wa darasa la pili. Ni cha kijana wa chuo, dereva wa bodaboda anayesubiri abiria, mama anayerudi kutoka sokoni. Hawa walikuwa wakinunua kimoja cha 10 kwa sababu hakukuwa na kingine, si kwa sababu hawana. Anza na maduka manne kwa wiki mbili, yale yenye wakubwa wengi, kabla ya kumwaga mtaa mzima.

Mume wako nimjibu kwa heshima, maana swali lake ni zito na si la kihasibu tu. Mimi si shekhe. Lakini iko hadithi mashuhuri ya Anas bin Malik, wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi, kwamba bei zilipanda Madina na watu wakamwomba Mtume (S.A.W.) awapangie bei. Hakukubali. Alisema mwenye kupanga bei ni Mwenyezi Mungu, na kwamba yeye anatumaini kukutana na Mola wake pasiwe na mtu wa kumdai dhuluma ya damu wala ya mali. Mimi ninavyoielewa, bei kupanda kwa sababu ya sukari si dhuluma. Dhuluma ni kuapa "wallahi mimi mwenyewe nimenunua sita" na hukununua sita. Ni kuficha yaliyolowa chini ya makavu. Ni kuandika gramu 30 na kutia 25. Na nimuulize shemeji kwa upole: mke wake kufanya kazi tangu alfajiri kwa shilingi 40, hiyo nayo tuiiteje?

Ulitaja pia kwamba unafikiria kuweka "ofa" kipindi cha Ramadhani ili kumzima jirani. Hapa nina kovu langu mwenyewe. Miaka ya nyuma nilikuwa na kibanda cha juisi ya ukwaju, chupa ya nusu lita shilingi 50. Ramadhani ikaingia, nikaona nivute watu wa futari, nikabandika karatasi: 35 mwezi mzima. Walikuja, wallahi walikuja, nilikuwa naishiwa barafu saa kumi na moja. Idi ikapita, nikabandua karatasi. Mzee mmoja aliyekuwa akinunua kwangu kwa 50 tangu zamani akasimama mbele ya meza, akatoa 35. Nikamwambia bei imerudi. Akanitazama kama niliyemwibia: "Kwa hivyo siku zote ulikuwa ukitukata?" Sikuwa na jibu. Kwa siku thelathini nilikuwa nimemfundisha kwamba ukwaju wangu ni wa 35. Ilinichukua mpaka msimu wa wageni kurudi 45, na 50 sikuiona tena.

Ukitaka kutoa kitu Ramadhani, toa kitu chenye mwisho unaojulikana kisichogusa bei: anayechukua vipakiti ishirini aongezewe kimoja, mpaka mwezi uandame, basi. Nyongeza watu wa pwani tunaielewa tangu utotoni. Hakuna anayekuja mwezi wa pili kudai kwamba nyongeza ndiyo bei.

Lakini tena usidhani kwamba anayeuza kwa ofa siku zote anaweza kuamka asubuhi akaziacha. Kuna duka kubwa la Marekani, JCPenney, lililokuwa limewazoesha wateja kuponi na punguzo mwaka mzima. Mwanzoni mwa 2012 mkuu wake mpya, Ron Johnson, aliyetoka kwenye maduka ya Apple, akazifuta zote na kuweka bei moja ya chini ya kila siku. Kwa karatasi lilikuwa jambo la haki kabisa. Mauzo ya mwaka huo yakaanguka kutoka takriban dola bilioni 17.3 hadi 13, na Aprili 2013 akaondolewa. Wateja hawakuwa wakinunua bei ya chini. Walikuwa wakinunua ile raha ya kupunguziwa. Nikilisoma lile namkumbuka yule mzee na 35 zake.

Sasa mikebe, na hapa nitakwenda mbio kidogo. Mabuyu ya gramu 250 yanakula kama 42, mkebe na stika 35, jumla 77. Unauza 150. Supamaketi imekuambia inataka "asilimia 30", nawe ukaniambia utaongeza asilimia 30 juu ya 150, iwe 195, wachukue chao. Hesabu tena. Asilimia 30 yao wanaitoa kwenye ile 195, si kwenye 150. Ni 58.50. Unabaki na 136.50, umeshapoteza kabla mkebe haujafika rafuni. Kubaki na 150 unagawa 150 kwa 0.7, unapata 214 na kitu. Mtego huu nimeona hata mahasibu wenye tai wakiutumbukia. Kwa hiyo swali la kwanza kwa yule meneja wa ununuzi ni: asilimia 30 ya nini, ya bei yangu au ya bei yenu?

La pili ni watalipa lini. Wakisema siku 60, na wewe unapeleka mzigo wa shilingi 10,000 kila wiki, kabla ya kuona senti ya kwanza utakuwa umewakopesha kama 85,000. Unazo? Na la tatu, mikebe isiyouzika inarudi kwa gharama ya nani. Ongeza hapo alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na msimbo wa mistari, vyote vina ada, navyo ni gharama za bei hiyo na si za bei ya Barani. Nami ningekaa nje ya supamaketi mwaka mmoja zaidi. Hiyo ni rai yangu tu.

Na kodi. Mwenye biashara ya mauzo kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka anaingia kwenye kodi ya mauzo, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3. Wewe na sufuria moja kwa siku hujafika. Lakini ukikua utafika, na kodi hii haiulizi faida, inachukua juu ya mauzo. Asilimia 3 ya zile 1,680 ni shilingi 50. Wewe ulikuwa unabakiwa na 40. Mtu mwenye bei ya kuazima, kukua kwenyewe kunamfilisi.

Wageni sasa. Uliniuliza kama Mtaliano umwambie 400. Malindi hii? Hawa Wataliano wengine wamekaa hapa miaka mingi, wanajua bei ya mchicha na wanapatana kwa Kiswahili cha sokoni. Ukimwambia mmoja 400 na mwenziwe 150, jioni wanakutana kwenye kahawa. Mkebe wenyewe, lakini, haufanani na kipakiti cha mtoto hata kama chungu ni kimoja. Yule hanunui mabuyu, ananunua zawadi ya kwenda nayo kwao. Zawadi ya 150 mtu huona haya hata kuitoa. Tia kwenye mkebe mzuri, kifuniko cha ukili kama unaye msukaji, uandike 300 kwenye stika, na iwe 300 kwa Mtaliano, kwa mtu wa Nairobi na kwa mimi. Wazee wa Kanisa la Marafiki, hili lenye waumini wengi kule Vihiga na Kakamega, huko kwao Uingereza karne ya 17 walikataa kabisa kupatana bei. Waliona kutaja bei usiyokusudia kuipokea ni uongo. Watu wakawacheka, kisha wakaanza kuwatuma watoto dukani kwao peke yao, maana mtoto na mzee walilipa sawa. Kwa kijana anayekuletea wageni, weka kamisheni yake ndani ya ile 300 tangu mwanzo. Ukimwacha ajiongezee juu, bei yako itakuwa inapangwa ufukweni.

Jambo la mwisho ulilonong'ona kwenye simu: umwite jirani mkae, mkubaliane nyote muuze 8. Usifanye hivyo. Mtashtuka kusikia, lakini wapishi wawili wa mabuyu wakipanga bei pamoja wamevunja Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, ile ile inayowabana wenye viwanda vikubwa. Tena hata kama sheria isingekuwepo, siku tatu baadaye mmoja wenu angeuza 7.50 kichinichini na ujirani ungekwisha. Kumsalimia, kukopeshana mwiko, kununua gunia la sukari la kilo 50 mkagawana na kuokoa nauli, hayo ni mambo mengine.

Basi anza hivi. Jumatatu pika sufuria moja tu ya gramu 25. Wenye maduka waambie mapema, kwa mdomo wako, bila kuomba msamaha wala kusimulia habari za sukari: kipakiti kimebadilika, bei ni ile ile, na kuna kipya cha 20. Andika kwenye daftari vinavyotoka, vinavyorudi na vinavyoliwa nyumbani, wiki mbili kamili. Na nunua mzani mdogo wa jikoni, usimsumbue sonara tena. Ukishaununua, bei yake iandike kwenye gharama, nakujua wewe.